Nzi wa Mdomo Safi

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata mvua ikinyesha mimi nauliza nani kaituma na anataka nini. Ndiyo maana Kituo cha utafiti wa mimea kilipotafuta mkaguzi wa mihogo wa kisiwa chetu, miaka kumi na miwili iliyopita, watu hawakuona haja ya kupiga kura. Walisema apewe Nyamambara, maana kazi hiyo anaifanya tayari bila mshahara.

Basi asubuhi ile kigingi cha shamba la Nyanjura kilipogeuka chekundu, wa kwanza kumshuku alikuwa Nyanjura mwenyewe.

Huyu Nyanjura ni mkwe wangu. Binti yangu Nabwire ameolewa na mwanawe, na harusi ilikuwa haijatimiza mwaka. Ni mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na mimi mtu mchache wa maneno simwamini, kwa sababu hayo asiyoyasema anayaweka wapi? Nilimkuta amesimama pembeni mwa shamba, mikono nyuma, na majirani wamejipanga mbali kidogo kama watu wanaotazama mbwa wanayemdhania ana kichaa. Katikati ya mihogo kigingi kilikuwa kinawaka. Kila shamba kisiwani lina kigingi chake, chuma cha kimo cha kiuno kinachonusa pumzi ya majani mchana kutwa, na siku zote taa yake ni ya kijani. Kuna watoto wameanza shule hawajui kwamba inaweza kuwa na rangi nyingine.

Niling'oa shina moja nikakata muhogo kwa panga, katikati. Badala ya weupe mlikuwa na madoa ya kahawia, makavu, kama ubao ulioliwa na wadudu. Michirizi ya kahawia. Mara ya mwisho kuuona ugonjwa ule nilikuwa na mimba ya Nabwire, na mwaka ule tulichimba mizizi ya migomba tukaichemsha, tukazika watoto wanne katika kitongoji kimoja.

"Mbegu umeitoa wapi?" nilimuuliza Nyanjura.

"Nimeokota," akasema.

Mtu wa bara angemwona mwongo. Mimi nilijua ni adabu. Kwetu mbegu ya muhogo hainunuliwi wala haishukuriwi. Jirani akikukatia pingili unazipokea kimya, unageuka, unakwenda zako; ukisema asante, hazichipui. Na ukiulizwa nani kakupa unasema umeokota, kwa sababu kumtaja mtoaji ni kumshukuru kwa mlango wa nyuma. Nilipokuwa na miaka sita nilimwambia shangazi asante kwa pingili tatu, mama akanizaba kofi mbele ya watu, na pingili zenyewe zikatupwa ziwani. Kwa hiyo katika daftari langu la ukaguzi, pale palipoandikwa "chanzo cha mbegu", miaka kumi na miwili nimejaza neno moja: ameokota, ameokota, ameokota. Nadhani huko Kituoni walituona watu wenye bahati sana.

Nikageuza jani. Upande wa chini walikuwa wametanda, nzi weupe, na nilipoligusa waliruka kama unga uliopulizwa. Tunawaita nzi, lakini hawana udugu na nzi wa chooni. Ukoo wao uko karibu na vidukari na vidung'ata, wadudu wanaoishi kwa kunyonya mimea. Mmoja ni mdogo kuliko punje ya ulezi, na mdomo wake ni sindano nyembamba kuliko unywele. Anaichoma kwenye jani, anatafuta mshipa wenye utomvu mtamu, akiupata anakunywa saa nzima bila kuinua kichwa. Kunyonya peke yake kunadhoofisha shamba. Kosa lao kubwa ni kwamba wanauchoma mmea mgonjwa, kisha wanauchoma mzima kwa sindano ileile. Nyanya, maharage, viazi vitamu, mihogo, hakuna kilichopona kwa ukoo ule.

Kituo kiliwatengenezea mdomo mpya. Ndiyo kazi iliyokipa jina. Walimbadili nzi ndani ya yai, mdomo wake ukawa laini kiasi kwamba ugonjwa haupati pa kushika, wakaleta masanduku kwa masanduku kwenye boti na kuwaachia. Nzi wale waliingiliana na nzi wa mwitu, watoto wakazaliwa na mdomo mpya, na msimu wa tatu wale wa zamani walikuwa wamekwisha. Tukawaita nzi wa mdomo safi. Padri aliwahi kuwaombea katika misa ya mavuno. Ni wadudu pekee ninaowajua walioombewa.

Kazi yangu ni kuwasikiliza. Nina kinasa, kisanduku chenye uzi wa dhahabu usioonekana vizuri kwa macho. Ncha moja unaigandisha mgongoni mwa nzi, nyingine unaichomeka kwenye udongo, unavaa kisikizio. Sindano ikiingia kwenye jani umeme kidogo unapita, nawe unamsikia nzi akinywa. Nzi wa mwitu anadonoa haraka haraka, kisha mvumo mmoja mrefu. Wa mdomo safi anasita mara tatu kwanza, kwa sababu mdomo wa kutengenezwa ni mwembamba zaidi. Hakuna namna ya kuwachanganya.

Nilimsikiliza wa kwanza. Akadonoa, akasita. Akadonoa, akasita. Akadonoa, akasita. Kisha mvumo.

Nikasikiliza tisa. Wote walisita mara tatu.

Nikavua kisikizio nikageuka kuona nani ananitazama. Majirani walikuwa wameanza kuondoka. Nabwire wangu alikuwa mlangoni pa jiko la mkwe wake, na macho yetu yalipokutana akainama akaokota ungo ambao ulikuwa haujaanguka. Niliona. Nikajiambia mtoto ana aibu ya ukweni, nikaliweka jambo hilo pembeni.

*

Siku ya tatu alifika afisa wa Kituo, kijana anaitwa Ntimba. Alikuwa mpole mno. Aliniamkia kwa mikono miwili, akaniita mama, akauliza habari za mguu wangu ambao niliutegua mwaka juzi, na mimi nikajiuliza nani kamwambia habari za mguu wangu.

Alizunguka shamba la Nyanjura kwa muda wa kuchemsha chai. Kisha akasema ameshaelewa. Nzi wa mwitu wameingia kutoka nje, pengine ndani ya matenga ya nyanya, na inajulikana kwamba mwenye shamba hili huvuka kwenda kumwona dada yake kisiwa cha pili. Alisema hivyo kwa sauti ya huruma. Baraza litakaa siku ya ishirini na moja tangu kigingi kigeuke, mimi mkaguzi nitatia sahihi, na sheria itafuata mkondo wake.

Sheria naijua, nimeisoma mbele ya watu mara nyingi. Mihogo yote ya nyumba ile ing'olewe na ichomwe, ardhi ifungwe misimu mitatu, na nyumba iandikwe kuwa chanzo. Hilo la mwisho ndilo linaloua. Nyumba iliyoandikwa chanzo haipewi mbegu wala haichukuliwi mbegu, na kwetu asiyepeana mbegu na watu hata msibani anakaa peke yake. Na mwanangu alikuwa ndani ya nyumba hiyo.

Nilimwambia kwamba nimesikiliza nzi tisa na wote wamesita mara tatu. Ntimba akatabasamu. Akasema vinasa vya zamani vina hitilafu, nimpe changu akakirekebishe. Aliharakisha kunyoosha mkono. Nikamjibu nimekipeleka kwa fundi. Kinasa kilikuwa kwenye kikapu nilichokibeba, chini ya dagaa, na sijui kama aliniamini.

Alipoondoka nilirudi shambani na chupa ya jemu. Nikakusanya nzi ishirini kutoka kwenye majani yenye mabaka ya njano. Nyumbani nilikuwa na mche wa muhogo niliopewa na Kituo chenyewe, uliozaliwa ndani ya chupa, safi kabisa. Nikaufunika kwa chandarua kidogo, nikawaachia nzi humo, nikauweka barazani ninapouona. Kama mdomo wao ni safi kweli, mche utabaki kijani. Mtu anaweza kusema uongo na chombo kinaweza kuharibika, lakini jani halina sababu ya kunidanganya.

*

Wakati nikisubiri jani, niliwashuku watu.

Nilimshuku dada yake Nyanjura. Nilimshuku mwenye boti. Nilimshuku Ntimba, kwamba huenda ameleta ugonjwa yeye mwenyewe ili Kituo kituuzie nzi wapya. Niliuliza maswali kisimani, gulioni, nje ya zahanati, hadi watu wakawa wakiniona wanabadilisha njia. Nabwire alikuja kunisalimu siku moja na hakukaa hata dakika kumi. Nikamuuliza kama mkwe wake amewahi kurudi na mbegu kutoka ng'ambo. Akasema, "Mama, hili jambo liache." Nikaona wazi kwamba Nyanjura amemtisha mwanangu, na hasira ikanipanda.

Siku ya kumi na sita nilikwenda shambani kwa Nyanjura wakati yeye yuko sokoni. Nilihesabu. Kila shina lililougua nikalifunga utepe mwekundu, nikapanda juu ya jiwe kubwa lililo katikati ya shamba ili nione ugonjwa umeanzia upande gani. Kisiwa chetu ni mawe matupu, tunalima katikati yake. Nilipotazama chini, tepe zilikuwa nyingi chini ya jiwe lenyewe na zilipungua kadiri unavyokwenda mbali. Maana yake ugonjwa haukuja na upepo wa ziwani. Ulikuwa umetoka hapa hapa, miguuni pangu.

Nikateremka upande wa nyuma wa jiwe. Palikuwa na mashina saba, yamefichwa vizuri, marefu, hayana doa. Majani yenye vinyweleo. Vikonyo vyekundu kama vimechovywa.

Nyangwalo. Muhogo wa mama yangu.

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na kwangu kilikuwa nguoni kwelikweli, maana pingili zile saba nilizifunga mimi, kwa mikono yangu, ndani ya kitenge cha harusi cha Nabwire, chini ya sahani.

Niseme yote. Zamani bibi harusi wa kwetu aliondoka na pingili saba za muhogo wa mama yake. Akienda bila mbegu ameenda mgeni, atakula kwenye chungu cha watu maisha yake yote. Amri ya Kituo ilipiga marufuku kuhamisha mbegu kutoka kitongoji hadi kitongoji, na mimi ndiye niliyesimama kwenye njia panda kupekua mizigo ya harusi. Nimewanyang'anya mabibi harusi kumi na mmoja. Wawili walilia. Ilipofika zamu ya mwanangu, nikajiambia Nyangwalo ni tofauti. Ndio muhogo pekee uliosimama mwaka ule wa njaa, ndio ulionipa maziwa ya kumnyonyesha Nabwire. Nimeutunza nyuma ya jiko langu, mashina kumi na mawili, na kwa kuwa mkaguzi ni mimi hakuna aliyewahi kuukagua. Mganga hajigangi.

Na nilikuwa nimefundishwa. Huko Kituoni walituambia siku ya pili tu ya mafunzo kwamba kuna mihogo inayobeba ugonjwa bila kuugua. Jani lake kijani, mzizi wake mweupe, na utomvu wake umejaa. Niliandika kwenye daftari nikaupigia mstari. Nikawaza mihogo ya watu wengine.

Nilirudi nyumbani nikachukua karatasi za kupimia utomvu. Unakamua jani, unadondosha tone, karatasi ikibaki nyeupe ni salama. Nilipima mashina yangu yote kumi na mawili. Karatasi zote ziligeuka zambarau kabla sijamaliza kupumua. Nililia kwa sauti, mchana, jiko likiwa wazi.

*

Siku ya kumi na tisa majani ya mche wangu barazani yalitoka mabaka ya njano, pembeni mwa mishipa, kama vile nilivyoyakumbuka. Kwa hiyo mambo mawili yalikuwa kweli kwa pamoja. Ugonjwa niliuleta mimi. Na nzi wa Kituo, wale walioombewa misa, waliuchukua na kuusambaza kwa mdomo ulioambiwa ni safi.

Siku hiyohiyo jioni mapema Ntimba alikuja nyumbani. Alikunywa uji wangu, akausifia, akaomba maji ya kunawa. Maji yako nyuma ya jiko. Kabla sijamzuia alikuwa ameshakwenda.

Alirudi akakaa, akafuta mikono taratibu.

"Mama, ule muhogo wa nyuma nilidhani umekwisha duniani," alisema.

Nikachukua bakuli lake la uji.

"Mimi sijauona," akaendelea. "Nimenawa mikono tu. Keshokutwa utatia sahihi kwamba ni nzi wa mwitu, nami nitasahau njia ya jikoni kwako."

Nikamwonyesha mche ulio chini ya chandarua. Aliutazama muda mrefu, na upole wake wote ukamtoka usoni, akabaki kijana aliyechoka. Nikamuuliza ni wapi kwingine kumetokea haya. Mwanzoni alisema hakuna. Nikanyamaza nikimtazama, na mimi kwa kunyamaza si hodari, lakini siku hiyo niliweza. Akasema ni mahali pawili, tangu msimu uliopita. Nzi huzaa kizazi kipya kila mwezi, vizazi mia na zaidi vimepita, na kwa baadhi yao mdomo umeanza kurudi ulivyokuwa. Bado wanasita mara tatu, lakini ugonjwa unashika. Vigingi vinachelewa kuugundua. Kituo kinatengeneza mdomo mwingine, na inahitajika miaka miwili.

Nilimuuliza kwa nini hawasemi. Akaniambia nifikirie. Watu wakisikia leo, kesho watapuliza sumu kila mahali. Nzi wa mdomo safi watakufa, na wa mwitu watavuka kutoka bara ambako hawajawahi kwisha, na nafuu yote tuliyopata itapotea. Mdomo nusu safi, alisema, ni bora kuliko mchafu mzima. Nyumba moja ikibeba lawama, visiwa vyote vitakula miaka miwili.

Hapo ndipo aliponikamata, kwa sababu hakuwa anasema upuuzi. Nilitamani sana awe mwizi tu. Nilimwambia atoke nifikirie, akatoka, na pale mlangoni akageuka akauliza tena habari za mguu wangu. Sijui kama alikuwa ananitisha au ananijali.

*

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa Nyanjura. Alikuwa anamenya mihogo ya kuloweka na kuanika iwe udaga, akichagua vipande vyeupe na kuvitupa vya kahawia. Vya kahawia vilikuwa vingi. Nilikaa kwenye kigoda nikachukua kisu, tukamenya pamoja. Nabwire alikuwa ndani. Nilisikia amesimama nyuma ya pazia.

"Ulijua?" nilimuuliza mwishowe.

"Siku nilipofungua kitenge."

"Na ukapanda."

"Mbegu ya mama yako, mkwe. Ulitaka niitupe?"

Nikamwambia kwamba kesho wataandika nyumba yake. Akasema anajua. Nikamwambia kwamba akisema neno moja tu, kwamba pingili zilikuja na harusi, lawama itahama. Aliendelea kumenya. Akasema ataulizwa na atajibu kama alivyonijibu mimi, ameokota, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa, na hajawahi kumtaja mtu aliyempa mbegu na hataanza na mama wa mke wa mwanawe. Kisha akaweka kisu chini.

"Nabwire alinipigia magoti nisiseme. Wewe ukijitaja, yeye atakuwa binti wa mwongo. Mimi nikinyamaza, atakuwa mke wa maskini. Umaskini tunauzoea."

Wiki tatu nzima nilikuwa nimemshuku mwanamke huyu kwa sababu ya kunyamaza kwake, na kumbe alikuwa amekaa amenifunika kwa kimya hichohicho. Niliona aibu ambayo siwezi kuisimulia vizuri. Nilitaka kumwomba radhi, lakini ili kumwomba radhi ingenibidi nitaje mbegu, na yeye asingepokea. Nikamaliza kumenya muhogo niliokuwa nao mkononi nikaondoka.

Njiani nilipita mashamba. Taa za vigingi zilikuwa za kijani, shamba baada ya shamba, na watu wanapalilia chini yake wakiwa na amani kabisa. Bwire mvuvi mstaafu alinipungia mkono. Mke wake alikuwa anamkatia jirani pingili, na jirani alizipokea kimya akageuka. Nikageuza jani moja nilipopita. Walikuwepo, weupe, wametulia, wanakunywa. Nikafikiri: watu hawa hawatatazama chini ya jani kwa sababu niliwaambia mimi hakuna haja ya kutazama.

*

Baraza lilikaa asubuhi, kwenye ghala la udaga. Mwenyekiti wa kijiji alifungua, Ntimba akasoma maelezo yake, akaweka karatasi mezani mbele yangu na kalamu juu yake. Nyanjura alikaa mbele, peke yake kwenye benchi la watu watano. Tayari ametengwa.

Mwenyekiti akamuuliza mbegu ameitoa wapi. Akasema ameokota.

Nikasimama. Nikaweka mezani mche wenye mabaka, ndani ya chandarua chake, na nzi wakiwa bado ndani. Nikaeleza nilivyowasikiliza, nilivyowakusanya, jani lilivyosema. Nikasema mdomo si safi tena, na si hapa tu, na Kituo wanajua tangu msimu uliopita. Ghala lilianza kunguruma. Ntimba alinitazama bila kupepesa, akingoja, kwa sababu alijua swali linalofuata. Na mzee mmoja akaliuliza: sawa, nzi wamebeba, lakini wamebeba kutoka wapi?

Nilimwona Nabwire mlangoni akitikisa kichwa taratibu, hapana, mama.

"Kwangu," nikasema. "Nyanjura hakuokota. Mbegu nilimpa mimi."

Katika kisiwa chetu hakuna mtu aliyewahi kusema maneno hayo mbele ya watu. Kuna mwanamke alifunika mdomo kwa mkono kama nimevua nguo. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikikaa sitasimama tena. Nikataja kitenge, sahani, mashina kumi na mawili nyuma ya jiko langu. Nikawataja wale mabibi harusi kumi na mmoja, mmoja mmoja kwa majina, na watatu walikuwemo ghalani. Nikasema msipulize sumu, itaua wazuri na wabaya. Geuzeni majani kila asubuhi, ng'oeni shina lenye mabaka siku hiyohiyo, miche ifunikwe vyandarua, na mtu yeyote mwenye muhogo wa mama yake aliouficha aulete upimwe, hatanyang'anywa bila kupimwa. Nikasema na taa ya kijani msiiamini. Wala msiniamini mimi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti aliniomba daftari, kinasa na beji, nikavitoa kwenye kikapu. Kinasa kilinuka dagaa. Wakaandika nyumba yangu kuwa chanzo. Jina la Nyanjura wakalifuta, ila mihogo yake iliyougua itachomwa. Ntimba alikunja karatasi yake ambayo haikutiwa sahihi. Alipopita karibu yangu alisema kwa sauti ya chini kwamba huenda nimewaua watu wengi leo. Nikamwambia huenda.

Nje, mmoja wa wale mabibi harusi watatu alinisubiri. Nilidhani atanitemea mate. Aliniuliza kama karatasi za kupimia zimebaki, kwa sababu mama yake alimpa pingili nyingine mwezi mmoja baada ya mimi kumnyang'anya zile za kwanza. Nikampa zote.

*

Mchana nilianza kukata Nyangwalo. Sheria inataka mwenye shamba aukate mwenyewe. Kila shina nilipolikata lilitoa utomvu mweupe mikononi mwangu, na nilikuwa naongea na mama yangu, namwambia mambo ambayo hayamhusu mtu. Nilipofika la kumi na mbili nikarundika, nikawasha. Mashina mabichi hayawaki upesi, moshi ulikuwa mwingi. Jirani mmoja alipita akitazama upande mwingine. Nilijua ndivyo itakavyokuwa misimu mitatu.

Ndipo nikamwona Nyanjura anapanda njia, mrefu vile, na mzigo kichwani umefungwa kwa kitenge cha harusi. Nabwire alikuwa nyuma yake, macho yamevimba, hakuniangalia. Nyanjura alishusha mzigo karibu na moto akafungua fundo. Mashina saba, yamekatwa kutoka mzizini, na majani yake yenye vinyweleo bado hayajanyauka. Nyumba iliyoandikwa chanzo haitembelewi, nikamkumbusha. Alikuwa kama hajasikia. Aliyaweka motoni moja moja, kwa utaratibu, hadi la saba.

Halafu akapangusa mikono kwa upindo wa kanga, akanigeukia.

"Asante kwa mbegu, mkwe," alisema.

Nabwire alishtuka, akainua uso akamtazama. Mimi nilitazama moto. Ilikuwa kweli, sasa neno hilo lingeweza kusemwa. Hapakuwa na kitu tena cha kukataa kuchipua. Miaka yangu hamsini na minne sijawahi kusikia mtu akiitikia neno lile kwa mbegu, kwa hiyo sikujua linajibiwaje. Nikamsogezea kigogo, akakaa, na Nabwire akaja akakaa upande wangu wa pili.